Sufuria Chini ya Kitanda

Jumatatu, 2 Juni

Marinda ya shule tangu asubuhi. Rangi ya damu ya mzee, kola nyeupe. Cherehani inakata uzi tena. Nimeitukana, haijasikia.

Wawira, ambaye tunashona pamoja katika hiki kibanda karibu na soko la Embu, aliwasha redio. Akaingia Baariu wa Nyuzi na ule wimbo wake wa mvua. Niliacha kushona. Kila mara naacha. Hakuna mtu anayeshika gitaa namna ile, polepole, anakuacha ukingoje kidole kinachofuata.

Kisha mtangazaji akasema anakuja Embu. Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, mchana, katika ile klabu ya mabati ya kijani huku mtaa wa Dallas. Naweza kutoka kwangu kwa miguu, na ndala. Nina miaka arobaini na sita. Tangu nikiwa mtoto nampenda mtu huyu na sijawahi kumwona kwa macho.

Wakamalizia na ule mwingine. Wenyewe. Wawira akainuka, akacheza na mkasi mkononi. Yeye ni Muembu, maneno mengine ya Kimeru yanampita, lakini kiitikio anakijua. Kila mtu anakijua. Sikumwambia kwamba M'Ikiara anayechekwa humo ndani ni baba yangu mzazi.

Jumatano, 4 Juni

Naandika Kiswahili. Kimeru nakisema tu, kukiandika kunanichosha.

Wimbo wenyewe uko hivi. Mgeni anafika kwa M'Ikiara akiwa na njaa. Nyumba nzima inanukia chakula, lakini chakula hakionekani. Mgeni anauliza, M'Ikiara, nini kinanukia hivi chini ya kitanda? Na watu wote wanaitikia: Ni viatu! Ni viatu!

Ndiyo hiyo tu. Gitaa linafanya yaliyobaki. Ukiwa na miguu huwezi kukaa.

Kule kwetu Kianjai tuliitwa watoto wa viatu. Shuleni nikifungua chakula changu, mtu ananusa hewa. Nyumbani Baariu akianza redioni, Baba alikuwa anainuka, anazima, anarudi kuketi. Mimi nilikuwa naenda kusimama kwenye ua wa jirani nimsikilize kutoka huko. Nilikuwa nangojea ule wa mvua. Nikisikia ule wa viatu unaanza, nilikuwa narudi nyumbani mbio.

Na Baba si mchoyo. Hilo ndilo linaloniudhi. Baba analisha watu kwa nguvu. Anayekuja kusoma mita ya maji anakula. Mchungaji anakula mara mbili. Watu wa Kianjai wanalicheka hilo pia, wanasema anataka kuufuta wimbo kwa viazi.

Nilipomuuliza Mama kama ni kweli, alikuwa ananiambia, muulize baba yako. Amekufa bila kunijibu. Na Baba sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Jumapili, 8 Juni

Mutuma kapiga simu baada ya kanisa. Huyo ni kaka yangu, ndiye anayeishi na Baba. Sauti yake ilikuwa chini.

Mwalimu wa muziki amewafundisha watoto wimbo wa kienyeji kwa mashindano. Ni ule. Kendi, binti ya Mutuma, darasa la tatu, ndiye anayeanzisha. Alikuja nyumbani akamwimbia babu yake ili ampime sauti. Alipofika kwenye jina akanyamaza, akamuuliza, Juju, kwani ni wewe?

Baba alienda shambani. Hajala tangu jana.

Nina hasira. Sijui ni na nani. Na mwalimu, na Kendi hapana, na Baariu ndiyo. Pia na mimi mwenyewe, kwa sababu Wawira amenunua tiketi mbili na sikumwambia arudishe yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Kianjai. Nimelala hapa leo, naandika mezani kwa Mama.

Baba amekonda. Miguu imevimba. Alinipa kwanza chakula, akaniangalia mpaka nikamaliza, akaniongezea. Halafu akaniambia amesikia kwa Mutuma kwamba Baariu anakuja Embu. Nikajua siku ya kuuliza imefika. Sikuuliza. Alianza mwenyewe.

Mwaka niliozaliwa mvua ilikataa. Mahindi yalikauka yakiwa ya goti. Mama alinizaa na hakuwa na maziwa. Nyanya, mama yake, alitoka mbali kwa miguu na njahi kidogo, yale maharage meusi, kwa sababu mwanamke aliyejifungua hula njahi ili maziwa yashuke. Zilikuwa za sufuria moja. Baba alizipika mwenyewe. Zilipokuwa zinaiva akasikia mtu uani, kijana na gitaa mgongoni, anapiga hodi.

Baba alisukuma sufuria chini ya kitanda. Juu ya kitanda tulikuwa Mama na mimi.

Kijana aliketi. Harufu ilijaa nyumba nzima. Baba anasema aliona koo la yule kijana likipanda na kushuka. Akauliza nini kinanukia. Baba akajibu ni viatu, nimevianika karibu na moto. Kijana akangoja mpaka jua likaanza kuondoka, akashukuru kwa maji, akaenda. Mama alikula. Kesho yake nilinyonya nikashiba.

Basi ni kweli. Nilikuwa natumaini ni uongo. Na chakula chenyewe ni mimi niliyekila.

Nikamwambia, Baba, ungemweleza tu. Angeelewa. Akatikisa kichwa. Akasema kuna jambo lingine, na hili ndilo ambalo amelibeba.

Ukoo wetu na ukoo wa Baariu zina gichiaro. Watoto wangu wa mjini hawawezi kuelewa, lakini sisi tulilelewa na hofu hiyo. Ni kiapo cha mababu kati ya koo mbili. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, unatoa. Akiwa na njaa, unampa hata kilicho mdomoni. Humdanganyi. Ukimnyima, balaa litakujia wewe na watoto wako. Ndiyo sababu kwetu mgeni anaulizwa ukoo wake kabla hajakaa vizuri.

Baba hakumuuliza.

"Sikumuuliza ukoo," alisema. "Nilijua nikimuuliza, atanijibu."

Alisema hivyo akiangalia mikono yake. Ukoo wa kijana aliujua baadaye, wimbo ulipofika soko la Kianjai, kwa sababu Baariu aliutaja mwishoni mwa wimbo. Miaka yote hii Baba angeweza kwenda kwake aseme, mtu wa gichiaro, nakuomba usiimbe tena. Na Baariu asingeweza kukataa. Lakini angeombaje, na yeye ndiye aliyenyima kwanza?

Sasa anataka nimpelekee Baariu njahi. Sufuria nzima. Akila, nimwombe aache. Mimi ni mtoto wake, damu ni ileile, ninaweza kuomba.

"Sitaki Kendi anizike na wimbo huo," alisema.

Nimekubali. Ningesema nini?

Jumapili, 15 Juni

Kwenye barabara ya kurudi, nje ya duka la simu, walikuwa wanaupiga. Mwanamke na mtoto mgongoni alikuwa anacheza peke yake na mfuko wa vitunguu. Alikuwa na furaha kweli.

Nilikuwa nimemngoja Baariu maisha yangu yote nikae tu, nisikilize. Nisiwe binti ya mtu. Sasa naenda kumnyang'anya wimbo. Ninaona uchungu na ninaona aibu kwa kuona uchungu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwaruzana na mteja kuhusu zipu. Nilikuwa na makosa.

Njahi nimezitoa mawe. Nzuri, nyeusi, za kutoka kwa Baba. Amezituma na Mutuma.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeloweka njahi. Sili. Wawira anadhani nina homa, ananiambia nivae ile blauzi nyekundu.

Jumapili, 22 Juni, jioni

Nimerudi. Mikono inanuka moshi wa nyama. Niandike kabla hayajanitoroka.

Nilipika alfajiri, nikaponda na ndizi mbivu kidogo jinsi Mama alivyokuwa anafanya. Nikaenda kanisani, nikakaa karibu na mlango, sikumbuki mahubiri. Nikapitia nyumbani, nikachukua sufuria, nikaifunga na leso. Nilienda klabu na kitenge kilekile cha kanisa. Wawira aliponiona na mzigo alicheka mpaka akashika ukuta.

Mlinzi hakucheka.

"Madam, chakula ya nje hairuhusiwi. Hiyo ni nini?"

"Njahi."

"Za nani?"

"Za Baariu."

"Amekuagiza?"

"Tangu mwaka niliozaliwa."

Aliniangalia, akaangalia kitenge, akaona mimi ni wa maombi. Akaniacha nipite.

Watu walikuwa wengi. Wazee na kofia, vijana na simu, akina mama wamekaa meza moja na soda zao. Halafu akatoka. Mfupi! Nilikuwa nimemfikiria mrefu. Koti kubwa kumshinda, miwani imefungwa na uzi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akalaza gitaa pajani. Wala hakusalimia watu.

Sauti imekwisha. Lazima niseme ukweli. Juu haifiki tena, inakwaruza. Lakini vidole viko. Alipiga wimbo wa mvua na nililia hadharani, mbele ya mtu anayekula mbavu. Kwa muda huo sikuwa na baba wala sufuria. Nashukuru nilipata hiyo dakika.

Baada ya hapo vijana wakaanza kuita. Viatu! Viatu! Yeye akacheka, akawaonyesha mkono, ngojeni. Akaenda kupumzika nyuma, kwenye kijichumba wanachoweka kreti. Nikamfuata.

Alikuwa peke yake, anasugua vidole. Nilipiga magoti kidogo kumsalimu. Nikamwambia jina langu, nikamwambia mimi ni wa Kianjai, binti ya M'Ikiara. Alivua miwani. Nikaweka sufuria mbele yake, nikafungua leso, na ile harufu ikatoka.

Aliangalia njahi. Akaomba kijiko. Nilikuwa nimebeba. Akala. Nilidhani ataonja kwa heshima tu, lakini alikula zote, polepole, mpaka akakwangua chini. Nje walikuwa wanapiga meza.

"Nilikuwa najua kuna mtoto," alisema. "Nilimsikia akilia juu ya kitanda."

"Na bado ukaimba?"

"Nilikuwa na njaa, mwanangu. Na nilikuwa kijana. Ukoo wangu sikuutaja mlangoni, niliona ataulizia. Hakuniulizia. Hiyo ndiyo iliniuma. Chakula ningesamehe."

Nikamwomba. Nilitumia maneno Baba aliyonifundisha, kwa Kimeru, kama anavyoombwa mtu wa gichiaro. Akainamisha kichwa. Akasema ule wimbo ndio unaomfanya aitwe, hizo nyingine ni za kungojea huo. Lakini hakusema hapana. Hawezi kusema hapana. Nilijua hivyo nilipokuwa naomba na nilimwomba hivyo hivyo, mzee na koti lake kubwa.

Kisha akaniambia niache sufuria, atanipa nikitoka.

Alirudi jukwaani. Akapiga mwingine. Wakaita viatu. Akapiga mwingine tena. Mtu akarusha kifuniko cha chupa. Meneja akaja akamnong'oneza sikioni kwa uso mbaya. Baariu akakaribia maikrofoni akasema, kwa Kimeru, huo wimbo nimeombwa na mtu ambaye simnyimi. Siuimbi tena.

Nilihisi uzito wa miaka unashuka. Nikafikiri, Baba, imekwisha.

Halafu kijana mmoja kule nyuma, kwa sauti yake mwenyewe, akaanza. M'Ikiara. Na klabu nzima ikaitikia. Walipiga meza, walipiga chupa na vijiko, hawakuhitaji gitaa. Nini kinanukia? Ni viatu! Waliimba ubeti wa kwanza, wa pili, wakarudia. Wengine hata si Wameru. Wawira alikuwa katikati na mikono juu. Baariu aliweka viganja vyote viwili juu ya nyuzi zisilie, akakaa hivyo, akiniangalia.

Na mguu wangu ulikuwa unagonga chini. Niliukanyaga kwa ule mwingine.

Nilitoka. Kwa mlinzi nilikuta sufuria imefungwa na leso yangu, nzito. Nimeifungua hapa. Ndani kuna pakiti ya majani chai na sukari. Alituma mtu dukani, ili sufuria isirudi kwetu tupu.

Jumanne, 24 Juni

Nimemweleza Wawira yote. Alikaa na sindano mdomoni mpaka nikaogopa ataimeza. Akalia. Akasema hatacheza tena. Nikamwambia acheze, ni kazi bure, watacheza wengine. Nilisema kwa ukali ambao hakustahili.

Amesikia kwamba meneja amesema Baariu haitwi tena pale. Kuna watu walidai kurudishiwa kiingilio.

Kwa hiyo nimefanya hivi: nimemwachisha mzee wimbo wake na wimbo umebaki. Baba hajapata kitu na Baariu amepoteza. Mutuma anapiga simu sishiki. Nimwambie Baba nini?

Ijumaa, 27 Juni

Marinda yamekwisha. Mwenyewe kaja kuchukua, kasifu kola.

Kesho naenda Kianjai. Nimefikiria kumwambia Baba kila kitu. Nimefikiria pia kumwambia nusu. Sijalala vizuri wiki nzima na uso wangu unaonyesha.

Jumamosi, 28 Juni

Baridi. Ukungu haukuondoka mpaka saa sita.

Nilimkuta Baba amekaa uani anapukuchua mahindi, blanketi begani. Kendi alikuwa kando yake. Kumbe mwalimu amebadilisha wimbo, Mutuma alikwenda shuleni akazungumza naye vizuri tu, wakaelewana. Kendi amekasirika, wimbo mpya anasema ni wa watoto. Baba alimtuma akalete kuni.

Nilimpa sufuria. Aliifungua, akatoa majani, akatoa sukari, akavishika kila mkono na kimoja. Akauliza kama alikula.

Nikasema alikula zote. Alikwangua.

Baba alifunga macho. Sijawahi kumwona akipumua hivyo, mpaka chini. Akaingia jikoni mwenyewe na miguu yake ile, akakataa nimsaidie, akachemsha chai kwa majani hayo na sukari hiyo. Tukakunywa. Ilikuwa tamu kupita kiasi, na nilikunywa vikombe viwili kwa sababu alikuwa ananiangalia.

Halafu akauliza, "Aliuimba?"

"Hakuuimba, Baba. Aliwaambia watu wote hatauimba tena."

"Na watu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima. Nikasema watu walikuwa wengi. Nikasema walicheza.

Aliniangalia. Baba si mjinga. Alichukua gunzi lingine akaanza kulipukuchua kwa kidole gumba, punje zikaanguka kwenye ungo. Ng'ombe wa jirani alikuwa analia.

"Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri," akasema. "Ni vile tu alinitia ndani."

Na akaanza. Puani, bila maneno, akifuata gitaa lile kidole kwa kidole, hata zile sehemu ndogo ambazo watu wa klabu hawazijui. Alikuwa analijua lote. Mtu aliyekuwa anazima redio. Akafika pale penye jina lake. Akanyamaza, akanywa chai, akaweka kikombe chini, kisha akaendelea na sehemu inayofuata.